Mkono wa Mama Mkwe

Kabla hujashika mkono wa mtu, mwangalie usoni. Kabla hujamwangalia usoni, muulize jina. Nimeanza na neno hilo kwa sababu ninyi vijana mnaoanza kazi ya chanjo hamna subira. Mnasoma mistari mitatu, mnahamia kwenye simu. Basi mwenye haraka achukue hilo aende nalo, litamfikisha mpaka siku ya kustaafu. Mwenye nafasi akae kitako nimweleze nilivyolipata, maana sikulipata shuleni.

Mimi ni munganga wa zamani, yaani muuguzi, kazi yangu chanjo. Daktari sikuwa, ingawa vijijini kila mwenye koti jeupe huitwa dokta na mimi sikukataa hata siku moja. Nimezaliwa Kasongo, nimezeekea Kasongo, na katikati hapo nimezimaliza njia zote za kwenda Kabambare: kwanza kwa miguu, baadaye kwa baiskeli, mwisho kwa moto, yaani pikipiki, nimekaa nyuma ya dereva na sanduku la barafu mapajani. Watoto wa kijiji cha Wamaza waliniita Bwana Barafu. Walikuwa wakisikia mlio wa moto tu, wanakimbilia kwenye mihogo, kisha wanachungulia. Magoti yangu sasa yamekataa kazi, lakini mdomo mzima, na mke wangu Mwamini atawathibitishia hilo bila kuulizwa.

Miaka mingi chanjo ilikuwa ya watoto na ya wamama wenye mimba. Mtu mzima ukimwonyesha shindano, ndivyo tunavyoita sindano huku kwetu, alikuuliza, "Mi niko mutoto?" Kisha, miaka ya mwisho mwisho ya kazi yangu, likaja sanduku dogo lenye chanjo za watu wazima: ya gripe na ya kichomi. Zilikuwa za wazee, watu wenye vifua vibovu, na wale wanaojitayarisha kwenda Hijja. Gripe mnaijua, mnaiita mafua na kuidharau. Kijana anapiga chafya, anakunywa chai ya mchaichai, kesho yuko sokoni. Mzee anapiga chafya leo, kesho kutwa ugonjwa umeshuka kifuani, kichomi kimeingia, na juma lijalo sisi tumekaa matanga. Nimekaa matanga mengi ya namna hiyo, nikila wali wa watu na huku najua marehemu alianza na mafua tu.

Chanjo ya gripe iliishia mjini, kwa mahujaji na wazee wa Kasongo. Ile ya kichomi nikapewa mimi niipeleke Kabambare, kwa sababu nilijua njia, na kwa sababu nilijua barafu.

Kujua barafu si jambo dogo, msicheke. Aliyenifundisha ni Mzee Radjabu, munganga aliyenitangulia, mtu mfupi, mkali, asiyevua kofia yake ya darizi hata kwenye mvua. Nilipoanza kazi nilidhani barafu ikiwa nyingi ndiyo kazi nzuri. Safari yangu ya kwanza nilizitoa pakiti kwenye frigo ngumu vilevile, nikazipanga zikagusana na vichupa vya chanjo ya pepopunda, nikafunga sanduku, nikaondoka nikijisifu njia nzima. Mzee Radjabu alinikuta mbele, akafungua, akatoa kichupa kimoja, akakitingisha, akakiinua juani. Ndani mlikuwa na vipande vidogo vinazama chini. Dawa ilikuwa imeganda, na chanjo kama hiyo ikishaganda ni ya kutupa.

"Unaona?" akaniambia. "Umebeba maji muguu kwa muguu toka Kasongo."

Alinirudisha kwa miguu kuchukua nyingine. Alipotulia ndipo akanifundisha. Pakiti ya barafu ukiitoa kwenye frigo, iweke mezani itoke jasho kwanza. Kisha iweke karibu na sikio, itingishe. Ukisikia maji yanacheza ndani, funga safari. Usiposikia, kunywa chai, subiri. Akamalizia kwa neno ambalo nimewarithisha vijana wote niliowafundisha: "Barafu iko kama mukwe. Umuheshimu, lakini usimukaribie sana."

Na hapo ndipo panaponifikisha kwa mama mkwe wangu.

Jina lake sitalitaja sasa. Mwenye kusoma mpaka mwisho atajua kwa nini. Kwa wazee waliotulea, mwanaume na mama mkwe wake ni watu wa kukwepana kwa heshima. Hamshikani mkono. Hamli sahani moja. Ukimwona anakuja njiani, wewe unaingia majanini mpaka apite. Kumwangalia usoni ni utovu wa adabu, na jina lake mdomoni mwako ni sawa na kumvua kilemba. Tuliongea kwa kupitia mtu wa tatu, na asipokuwepo mtu, kwa kupitia mbuzi. Nikifika kwake Wamaza, anasimama nyuma ya nyumba na kumwambia mbuzi wake, "Ee mbuzi, mwambie mukwe maji ya kuoga iko tayari." Na mimi namjibu mbuzi, "Mwambie mama nashukuru." Tuliishi hivyo miaka na miaka, kwa amani kabisa, na mbuzi walibadilishwa mara nyingi.

Alikuwa mjane, analima mpunga na karanga peke yake, na kijijini walimwogopa kidogo. Nguruwe pori aliingia shambani kwake siku moja, akamfukuza na mchi mpaka mtoni. Lakini kifua chake kilikuwa kibovu. Mvua mbili mfululizo kichomi kilimlaza, na mara ya pili tulishamwita imamu. Kwa hiyo nilipokuwa nafunga sanduku, Mwamini alisimama mlangoni akaniambia maneno ambayo bado nayasikia.

"Mvua ya tatu mama hataimaliza. Usirudi hapa kama hujamupiga ile shindano. Mi siko tayari kumuzika mama yangu juu ya haya zenu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mwanaume anayemwambia mke wake asiwe na wasiwasi, mara nyingi ni kwa sababu hajui atafanya nini.

Nilianzia Salamabila, kwa wachimbaji wa dhahabu. Huko vifua vya watu vimejaa vumbi la mawe, na wazee waliobaki ni wale ambao shimo liliwakataa. Alikuja mmoja, jitu la mtu, mabega yanagusa mlango huku na huku, anajulikana kwa kushuka mashimo ambayo wenzake waliyakimbia. Akakaa kwenye benchi, akakunja shati, akanitazama nikivuta dawa. Sikuwa hata nimemgusa. Jitu likaenda chini na benchi lake.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Tulimmwagia maji, akafumbua macho, akaniona bado nacheka. Akasema polepole, "Weye unacheka. Shimo naijua miaka yote. Hii shindano siijui." Nikacheka zaidi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na wala sikujua kama ni kosa.

Kosa la pili lilitangulia Wamaza kabla yangu. Nilikuwa nimetuma neno kwa mpiga mbiu wa chifu atangaze kwamba kesho munganga anakuja kuwachoma wazee shindano ya kuzuia kichomi. Kwenye hospitali zetu za Kasongo ndivyo tunavyosema, kuchoma shindano, na hakuna anayeshtuka. Lakini Wamaza kinachochomwa ni nyama, mihogo na shamba. Na yule mpiga mbiu alikuwa mtu wa kubana maneno. Alizunguka kijiji chote akitangaza: "Kesho munganga anakuja kuchoma wazee. Wazee wote. Asibaki hata mumoja."

Nilipofika sikuona mvi hata moja. Palikuwa na kuku, watoto, na kimya. Wazee wote walikuwa wamekimbilia mashambani. Mmoja alikimbia na kiti chake kichwani. Nilimkuta amekaa juu yake katikati ya mpunga, akanitazama kwa masikitiko akasema, "Mwanangu, nimeishi na watu muzuri. Munichome juu ya nini?"

Aliyeniokoa ni Mama Zaina. Huyu alikuwa jirani na rafiki mkubwa wa mama mkwe wangu, mama mnene mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto, na alikuwa reko wetu, yaani mama wa kujitolea anayesaidia sentre ya afya kijijini. Anajua kusoma na kuandika, anajua nani anakohoa na tangu lini. Alizunguka mashamba nami, akifuta lile neno na kuweka lingine: "Si kuchoma. Ni kupiga shindano ya kifua. Kidogo tu, hapa kwa mukono." Asubuhi iliyofuata wazee wakarudi, lakini walikaa wima kama watu wanaosubiri hukumu.

Nikaona niwalainishe. Nikawasimulia habari ya yule mchimbaji wa Salamabila. Siyo kusimulia tu, nikaigiza. Nikavimba mabega, nikakunja shati, nikaanguka na benchi. Wazee walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Upande wa pili wa ua, mama mkwe wangu alikuwa anapepeta mpunga, nasikia ungo wake, cha, cha, cha. Nilipofika pale mchimbaji anapoanguka, ungo ukanyamaza. Nikafurahi, nikajua hata yeye ananisikiliza.

Wanaume walipigwa haraka. Wanawake wakasema mabega yao hawatayafungua mbele ya mwanaume, na kwa kweli mbele ya wanaume wote waliokuwa wamekaa pale wakisubiri kuona nani atalia. Na kati ya wanawake hao kulikuwa na mama mkwe, ambaye mimi sikuwa na ruhusa hata ya kumwona uso. Barafu yangu ilibaki ya siku ile tu. Nilianza kutoka jasho kuliko pakiti zangu.

Mama Zaina ndiye aliyepata dawa. Alitundika vitenge viwili kwenye mlango wa jikoni kwake. Wanawake wataingia ndani kwa mlango wa nyuma, yeye ataandika kadi zao, atataja jina, na mkono mmoja utatoka katikati ya vitenge. Mimi nitakaa nje, nitapiga, mkono utarudi ndani. Ilikuwa kazi safi. Mkono unatoka, napangusa, napiga, unarudi. Wote walitoa wa kushoto kama nilivyowaomba, kwa sababu chanjo hii huuma siku mbili tatu na mkono wa kuume ndio wa jembe na mchi. Sijawahi kufanya kazi kwa upesi namna ile. Nikawa najiambia hii pazia nitaipeleka mpaka Lusangi. Nilisahau jambo moja: mkono hauna jina.

Mama Zaina akasema, "Sasa ni mimi," ukatoka mkono wake mnene wa kushoto. Nikapiga. Nikasikia minong'ono, kisha sauti yake tena: "Sasa iko mukwe wako."

Nikasimama. Nikazungushia kitambaa vidole vyangu ili ngozi yangu isiguse yake. Mkono ukatoka, na ulikuwa wa kuume.

Nilielewa mara moja, na nilijiona mwerevu sana. Nani kwetu anapokea kitu kwa mkono wa kushoto? Zawadi ya mkwe inapokelewa kwa kuume, hata kama ni shindano. Machozi yalinilenga, nawaambia kweli. Nilisema moyoni, tazama mama huyu, atashindwa kutwanga siku tatu ili tu asinivunjie heshima. Nikapiga. Mkono haukutikisika hata kidogo. Nikasema, ndiye huyu aliyemfukuza nguruwe.

Nilirudi Kasongo nikiimba. Mwamini akaniuliza, "Mama alilia?"

"Hata hakutikisika."

"Mama yangu?"

"Mama yako."

Akanitazama kitambo, akarudi kwenye sombe yake, majani ya mihogo aliyokuwa anatwanga.

Mvua zikaja. Siku moja dereva wa moto akasimama kwetu, matope mpaka kofiani, akasema mama wa Wamaza amelazwa sentre, kichomi. Halafu akaongeza, akiangalia pembeni, kwamba kijijini watu wanasema chanjo ya Bwana Barafu ni maji matupu. Kama imeshindwa kumlinda mama mkwe wake mwenyewe, itamlinda nani?

Tulipanda moto watu watatu, mimi na Mwamini na dereva, na nusu ya njia tuliisukuma. Nilijua kwamba chanjo haizuii kichomi cha kila namna, na hilo nililisema mara nyingi njiani. Lakini moyoni nilikuwa nauliza mengine. Barafu niliisikiliza? Maji yalicheza? Au niliharakisha, dawa ikaganda, nikapiga kijiji kizima maji kama siku ile ya Mzee Radjabu? Mama mkwe wangu alikuwa anapigania pumzi yake, na inawezekana ni mkono wangu uliomdanganya. Sijapata kuogopa kazi yangu kama nilivyoiogopa siku ile.

Sentre ya Wamaza ilikuwa na munganga binti, kijana, hodari. Alikwisha kuanza dawa: shindano asubuhi, shindano jioni. Mwamini akaingia. Mimi, kwa desturi, nikabaki nje chini ya upenu, nasikiliza kikohozi. Watu niliowachekesha miezi michache nyuma walipita bila kunipa salamu. Yule mzee wa kiti peke yake alisimama, akasema, "Heri ungetuchoma kweli, tungejua moja," akaenda zake.

Ndipo Mama Zaina akaja na sufuria ya uji. Akaiweka chini. Akakaa karibu yangu, jambo ambalo si kawaida yake, na sauti yake ya ng'ambo ya mto ikawa ndogo.

"Munganga, usitafute kosa kwa barafu. Ule mukono wa kuume ulikuwa wangu."

Sikuelewa.

"Nilipigwa mbili," akasema. "Kushoto kwa jina langu, kuume kwa jina la mwenzangu. Siku tatu mikono yote miwili ilikataa kutwanga, watoto walikula ndizi tu."

Nilisimama. Nilisema maneno ambayo mzee mwenye tasbihi hayaandiki. Nikamwambia wewe ni reko, wewe umeandika kadi ya uongo, mwenzako yuko humo ndani anakufa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akajibu, bila hasira.

"Ni kweli, na Mungu anisamehe. Lakini na weye ulituchekesha na ule muchimbaji. Rafiki yangu anaogopa shindano toka utoto. Alikuwa amekubali, alikuwa amevaa hata kitenge kipya. Akakusikia kule kwa ungo."

Nikakaa chini. Nilikumbuka ungo ulivyonyamaza, na nilivyofurahi.

Jioni Mwamini akatoka, macho mekundu lakini mdomo umeanza kucheka, na mtu aliyeoa anajua tofauti. "Joto imeshuka," akasema. "Mama anakutumia neno. Anasema: mwambie mukwe kwamba sikukataa dawa. Nilikataa kulia mbele yake, asiende kunifanya hadithi kule Salamabila. Na anasema tena: nilikimbia shindano moja, sasa napigwa asubuhi na jioni, Mungu ananicheka."

Niliposikia hivyo nililia mimi, pale pale upenuni, mbele ya kuku wa sentre. Siku ya tano aliomba sombe na samaki. Siku ya sita, nikiwa bado nimeegemea ukuta wa nje, nikasikia sauti yake kwa ndani. Mbuzi hakuwepo, hivyo akatumia kilichokuwepo: "Ee ukuta, mwambie mukwe aende kulala. Amekonda."

Mama Zaina alisafisha jina la chanjo kwa mdomo ule ule uliolichafua. Alisimama sokoni akatangaza yote, mkono kwa mkono. Watu walicheka, akawaacha wacheke, kisha akamalizia, "Na mi niko na mbili. Nani ameniona kitandani mvua hii?" Ilibidi nimfuate nyuma nikieleza kwamba moja inatosha, maana tayari kulikuwa na watu wanataka mbili.

Mwaka uliofuata sanduku likarudi kwa waliokosa mara ya kwanza, na ilikuwa safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Pakiti zangu nilizisikiliza mpaka dereva akanuna. Wamaza sikusimulia habari ya mchimbaji. Niliwasimulia jinsi mimi mwenyewe ninavyofumba macho nikivuka mto kwa mtumbwi, na jinsi Mwamini anavyonishika mkono kama mtoto. Walicheka kweli kweli. Kisha mama mmoja akasema yeye shindano inamtisha, na mwingine akasema hata yeye, na nikawaona mabega yao yanashuka. Tangu siku hiyo sijamcheka mtu kwa hofu yake. Nawaomba na ninyi muicheke ya kwenu kwanza.

Vitenge tulivitundika tena, lakini safari hii vilizuia macho ya wanaume wa nje. Mimi niliingia ndani pamoja na kadi. Jina, uso, halafu mkono. Mama Zaina aliandika huku ameficha mikono yake yote miwili ndani ya kitenge, ili watu waone haisafiri.

Akabaki mama mkwe. Wazee wa pande mbili walikuwa wamekwisha kukaa, wakasema kama ni kwa ajili ya uhai, haya zina dawa yake: mkwe alete kuku na kitenge, aombe. Nilikuwa nimeleta kuku wawili, nisije nikaambiwa mmoja mdogo. Nilidhani atapita mlango wa nyuma. Lakini akaja kwa mbele, uwanjani, amevaa kile kitenge kipya cha mwaka uliopita, akavuta kiti cha yule mzee, akakaa katikati ya watu wote.

Kanuni ni kanuni. Nilisimama mbele yake, kadi mkononi. Nikauliza, "Jina lako nani, mama?"

Waliokaa nyuma wakasimama. Mwanaume anamwuliza mama mkwe wake jina.

"Feza," akasema. "Feza binti Kitenge. Andika. Na toka leo ulitamke, mi nimechoka kuongea na mbuzi."

Ndiyo maana nina ruhusa ya kuliandika hapa.

Nikainua macho. Miaka yote ile nilikuwa naijua sauti yake, mgongo wake, vyombo vyake, mbuzi wake. Uso sikuujua. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele, mwanya ule ule wa Mwamini, ule ulionifanya nioe. Nilikuwa nikiupenda miaka yote bila kujua ulikotoka.

"Mkono gani, mama?"

"Kushoto. Wa kuume nautunza, ukiniumiza nikupige nao."

Nikavuta dawa, nikapangusa, nikashika ngozi yake kwa vidole vitupu. Na hapo, mbele ya Wamaza nzima, mkono wa Bwana Barafu, uliopiga watoto na watu wazima wasiohesabika, ukaanza kutetemeka. Akautazama. Akanitazama.

"Mukwe, nani anatetemeka hapa, mi ama weye?"

"Ni mimi, mama."

"Basi tulia. Mi nitafumba macho, weye usifumbe."

Akafumba. Nikapiga. Chozi moja likatoka, likashuka mpaka kidevuni, na hakuna aliyecheka, hata mtoto. Kisha akafumbua macho, akautazama mkono, akamtazama Mama Zaina, akaanza kucheka yeye mwenyewe, na baada ya hapo nani angejizuia? Yule mzee alicheka akiwa amesimama, maana kiti chake kilikuwa kimekaliwa.

Kuku wote wawili waliliwa siku ile, na Mama Feza alinipakulia kwa mkono wake, tukala pamoja. Kadi yake niliiandika mwenyewe, polepole, kila herufi mahali pake, na anaitunza ndani ya Msahafu. Bado analima mpunga. Bado nguruwe wanamwogopa. Mkitumwa Wamaza na sanduku lenu, atawaona kabla hamjamwona. Atawaita karibu, atawaangalia usoni kwa kituo, kisha atawauliza majina yenu. Mkono anautoa baadaye.